Grinda ya Mkono

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daftari jipya. Si daftari hasa, ni logi buku la gari lililobaki nusu. Safu za kilomita na mafuta naandikia juu yake. Uzuri wake mmoja: mtu akinikuta naandika nimekaa kwenye usukani anadhani najaza safari. Mke wangu mwenyewe anadhani hivyo.

Baridi leo! Sumbawanga ikiamua kupiga upepo haijali umevaa makoti mangapi.

Dokta Avelina kaniita ofisini. Nikadhani ni habari za tairi. Kumbe kahawa. Mwisho wa mwezi tunaanza safari za kliniki ya macho, Chala, Namanyere, tumalizie Kipili ziwani, na amesema hataki tena kunywa vumbi la wiki iliyopita. Hapo kanigusa, maana kahawa ya safari naipika mimi, mwaka wa nne huu. Buni zinatoka kwao Mbozi, mama yake anazikaanga mwenyewe, mke wangu Dominika anazitwanga kwenye kinu, mimi nabeba kwenye kopo. Siku ya kwanza inanukia mpaka wagonjwa wanageuza shingo. Siku ya tatu inanuka gunia. Siwezi kubisha.

Sasa anataka kimashine cha kusagia, cha kuzungusha kwa mkono, cha kubeba safarini. Tusage asubuhi kwa asubuhi. Ameviona kwenye simu, viko aina chungu nzima. Akasema, chagua wewe Mathias, wewe ndiye fundi wa kahawa, mimi kazi yangu kunywa.

Nikasema sawa Dokta. Nikatoka nimechangamka kabisa. Nilipofika kwenye gari ndipo nikakumbuka.

Cha kuzungusha kwa mkono.

Naandika hapa kwa sababu sina pa kusema. Mkono wangu wa kulia haunisikii. Ulianza Februari, kifungo cha shati. Nikasema baridi. Machi kikombe kikaanguka, nikasema kilikuwa na mafuta. Sasa hata pale kati ya kidole gumba na cha shahada, palipokuwa na nyama, pamebonyea. Hapaumi! Hilo ndilo linalonitisha, pangeuma ningejua pa kupaka dawa.

Kwa nini sisemi? Kwa sababu ya Adolfu. Dereva mwenzangu, miaka kumi na minne barabarani. Alisema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anaona vitu viwili viwili. Ofisini wakamshukuru kwa ukweli wake. Sasa anafungua geti. Mimi naingia na gari, yeye ananipigia saluti ya utani, na wote wawili hatucheki.


Jumatano, 4 Juni 2025

Nimekwenda kwa Nestory, yule kijana mwenye kibanda cha simu karibu na soko. Yeye huagizia watu kila kitu kutoka Dar. Shikamoo mzee wangu, kahawa ya Mbozi hiyo, usijali, hiyo ndogo tu. Ndivyo anavyoongea, hana pumzi.

Tumepekua simu yake mpaka chaji imekwisha. Loo, dunia ina vitu! Viko vyembamba kama tochi, vya chuma tupu. Viko vinene vya mbao. Vingine meno yake ni ya kauri, kama kikombe. Hayo hayali kutu lakini yakidondoka yamekwisha. Vingine meno ya chuma, makali. Kuna skrubu chini, ukiizungusha inalia ta-ta-ta, kila mlio mmoja kahawa inazidi kuwa nene au laini. Sisi tunataka chenga, si unga, kwa sababu nachuja kwa kitambaa. Unga unapita na kukaa mdomoni.

Nestory anasoma maneno ya wanunuzi kwa sauti. Huyu anasifu uzito, huyu anasifu ladha, mwingine eti amekibeba mlimani. Mimi nikawa nauliza swali moja tu: ipi nyepesi kuzungusha? Akanitazama. Mzee, wewe unafungua nati za tairi la Land Cruiser, unaogopa buni?

Nikacheka. Kicheko kile nilikitoa mbali.

Nimeamua hivi, na naandika ili nisijidanganye: nikipata nyepesi ya kutosha, hakuna atakayejua. Safari itapita. Labda na mkono utarudi. Labda ni mishipa tu imekunjamana.

Nikamwambia Nestory, agiza grinda ya mkono, nzuri, isiyosumbua.


Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Kanisa limejaa hadi nje. Wakati wa kutakiana amani, mikono huku na huku! Nimegundua mbinu: napokea kwa kulia lakini kushoto nashika kiwiko, kama mtu anayemheshimu mkubwa wake. Kumbe naubeba mkono wangu mwenyewe. Wazee wamefurahi. Mmoja kamwambia Dominika, mumeo siku hizi adabu imemzidi.

Dominika njiani ananitania, Baba Edith umeanza kunyenyekea, unataka ukatekista? Edith ni binti yetu, yuko chuoni Mbeya. Nikamwambia nangojea uaskofu. Tumecheka hadi nyumbani. Mungu wangu, nimetumia adabu kusema uongo, tena mbele ya altare.


Alhamisi, 12 Juni 2025

Mzigo umefika na basi la asubuhi! Nestory kanipigia, nimekimbia.

Boksi zito. Nikajiambia, chuma safi hicho. Nikalipeleka nyumbani tufungue pamoja. Dominika kaja na kisu, kakata gundi, kavuta.

Grinda! Grinda ya fundi vyuma! Ile ya kukatia nondo, ina diski na waya wa umeme na miwani ya bure ya kuzuia cheche.

Dominika kakaa chini kwa kucheka. Kachukua kibuyu cha buni, kaweka pembeni ya lile dude, eti Baba Edith karibu kahawa. Nimempigia Nestory. Anajitetea: si ulisema grinda ya mkono, mzee? Zipo za mezani na zipo za mkono, nikamwandikia mtu wa Dar hivyo hivyo, ya mkono, isiyosumbua, sikutaja kahawa, naye kaleta yenye nguvu kabisa.

Na kweli. Ndivyo nilivyosema. Dukani ukisema grinda, nani atafikiria kahawa? Kosa ni langu asilimia mia. Nestory kaahidi kuleta zenyewe, mbili za kujaribu, kutoka kwa mtu anayemfahamu Mbeya. Hili dude kasema nikae nalo kwanza.

Nimecheka leo kwa moyo wangu wote. Halafu nilipotaka kulirudisha kwenye boksi, kulia kukaliachia. Limeangukia zulia. Dominika akasema taratibu, basi.


Jumatano, 18 Juni 2025

Zimefika mbili. Za kahawa kweli.

Ya kwanza ni ile nyembamba ya chuma, inameta, inaingia hata mfuko wa koti. Ya pili nene kidogo, mpini wake mrefu zaidi, na unakunjika. Nimesubiri Dominika aende kwa jirani. Nikajifungia chumbani na buni, mtu mzima.

Nyembamba: nimeishika kwa kushoto, nikazungusha kwa kulia. Mara tatu, ikakwama. Si yenyewe iliyokwama, ni mimi. Vidole vinaufuata mpini halafu vinauacha. Nikabadilisha, kulia kushike, kushoto kuzungushe. Ikawa kulia hakuwezi hata kushika, mashine inazunguka yote mzimamzima. Nikaibana kwa magoti. Buni zimemwagika kitandani.

Ya mpini mrefu: nimefika mizunguko kumi na moja. Jasho, na baridi yote hii!

Dominika karudi kanikuta naokota buni kwenye shuka. Kaichukua ile nyembamba, kaijaza, kasimama mlangoni anaongea habari za jirani huku anazungusha, krrr krrr krrr, hata haangalii. Imekwisha. Kaifungua, kainusa. "Mbona nyepesi kuzungusha hivi? Kama kusonya tu."

Nikasema imelegea nati, ni mbovu, inarudi kwa Nestory.

Ndiyo nzuri. Chenga zake zilikuwa sawasawa, zote, sijawahi kuona. Nimekisingizia chuma kisicho na kosa.


Alhamisi, 19 Juni 2025

Dokta kauliza imefikia wapi. Nimemwambia ile nyembamba haifai. Akashangaa, ndiyo aliyosikia wote wanaisifu. Nikasema inapata moto, inaunguza harufu. Uongo wa kitaalamu! Akaamini. Kasema, ndiyo maana nimekupa wewe kazi hii.

Sina la kuongeza leo.


Jumamosi, 21 Juni 2025

Ukitaka kufungua nati ya tairi iliyogoma unafanyaje? Unachomeka bomba kwenye spana. Mpini ukiwa mrefu, nguvu ndogo inatosha. Kila utingo anajua. Nimekaa wiki nzima na akili hiyo kichwani bila kuiona!

Nimempelekea Tadei, fundi welding wa jirani, ile ya mpini mrefu. Nikamwambia nikatie kibomba, sentimita kumi na tano, kiingie juu ya mpini, na mwisho wake kifundo kikubwa cha kujaza kiganja. Tadei kasema grinda yake imeungua. Nikarudi nyumbani nikaleta ile yangu, mpya kwenye boksi! Tadei macho yamemtoka. Kavaa na miwani ya bure. Cheche zikaruka hadi barabarani. Grinda imeikatia grinda mpini, nani angeamini.

Nimejaribu palepale kwa Tadei. Naisimamisha chini, nafinya kwa viatu viwili, navuta bomba kwa mkono mzima, nguvu inatoka begani. Inazunguka. Inazunguka, jamani! Polepole, lakini chenga zinashuka. Tadei anauliza kwani hiyo kahawa ni ya mawe? Nikamwachia ile ya cheche aitumie, Nestory nitamweleza mwenyewe.

Nimenunua nyama ya mbuzi. Dominika kauliza kuna sikukuu gani.


Jumatatu, 23 Juni 2025

Kalamu nimeizungushia mpira wa tyubu inenepe. Herufi zinakuwa kubwa kama za darasa la pili. Basi.


Alhamisi, 26 Juni 2025 – Chala

Tumefika Chala saa nne. Lami tupu, gari linakwenda lenyewe. Naandika hili ili nilikumbuke: barabara iliyonyooka haina shida nami. Gia nabadili kwa kushoto, hapo niko salama. Shida ni kwamba kushoto kukienda kwenye gia, usukani unabaki na kulia peke yake. Sekunde moja, mbili. Kwenye lami sekunde mbili si kitu.

Ufunguo wa gari uko upande wa kulia. Kuuzungusha ni kama kuzungusha ile mashine, tendo lile lile. Napitisha kushoto chini ya usukani. Nafanya haraka, kama mtu anayejikuna.

Kahawa ya kwanza ya safari! Nilisagia nyuma ya gari, viatuni, watu wakiwa bado wanashusha mizigo. Dokta kanywa, kafumba macho. Kasema mama yake angekuwepo angelia. Nimejisikia kama mfalme, kwa dakika tano hivi.

Mgonjwa wa leo wa kukumbukwa: Mzee Malimi, mfugaji, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi. Macho yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe. Dokta kamuuliza tangu lini. Mwaka juzi. Sasa mzee wangu mbona hukuja? Akajibu bila aibu: nikisema sioni, watanipokonya fimbo ya ng'ombe.

Alikuwa anawajua kwa kengele! Kila ng'ombe na mlio wake, anakaa mlangoni anahesabu kwa masikio. Sasa siku moja kengele ya jike mmoja ikakatika porini. Mzee akapiga yowe kaibiwa. Sungusungu wote wakatoka na mishale, wakazunguka hadi jioni. Jike lenyewe lilikuwa limesimama mbele yake, linatafuna kamba ya kiti alichokalia.

Watu walicheka hadi foleni ikavunjika. Mzee mwenyewe alicheka. Nami nikaanza kucheka, nikaacha, nikaenda kufuta kioo cha gari.

Tunamchukua twende naye Namanyere, akapasuliwe.


Jumatatu, 30 Juni 2025 – Namanyere

Wagonjwa wengi mno. Mzee Malimi kapasuliwa jicho la kushoto, kafungwa bandeji. Analalamika njaa, maana yake mzima.

Asubuhi bomba lilinishinda. Mara ya kwanza. Nimevuta kwa bega, mwili mzima, mpini umekwenda nusu mzunguko ukarudi. Kiganja kinateleza kwenye kifundo kama kiganja cha mtu mwingine. Nikamwita muuguzi wa zamu aliyekuwa anapita, nikamwambia nisaidie hii, mimi nachochea moto. Akasaga na bomba lake hivyo hivyo, akitoa utani. Hakukuwa na moto wa kuchochea, jiko ni la gesi. Sijui kama aliona.

Dominika kapiga simu. Sauti yake karibu kabisa. Nilitaka kusema. Nilisema Mama Edith, mahindi umeyaanua? Akasema ndiyo. Kimya. Akasema una nini? Nikasema mtandao.


Jumanne, 1 Julai 2025 – Namanyere

Leo bandeji ya Mzee Malimi imefunguliwa. Dokta huwa ananiita nione, anajua napenda. Mtu anapepesa, anatafuta, halafu uso unafunguka. Nimeona mara mia na kila mara machozi yananilenga.

Nikasogea. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikampa mkono, kulia, kushoto kwenye kiwiko, kama kawaida yangu mpya. Yule mzee akaushika, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku kama anayenunua ndama.

"Dereva," akasema, "mbona mkono wako umekonda peke yake?"

Kwa sauti! Katika chumba kizima, kitu cha kwanza alichokiona duniani baada ya miaka miwili ni hiki. Nikauvuta. Nikasema baridi ya kwetu hiyo mzee, inakondesha hata mawe. Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Alikuwa anakunja bandeji, akaendelea kuikunja ilhali imekwisha kukunjika.

Mchana ananiuliza, Mathias, kesho barabara ya Kipili unaionaje? Nikasema naijua kama jikoni kwangu. Akasema najua unaijua.

Ningesema pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaenda kupima upepo wa matairi ambayo nilishayapima.


Jumatano, 2 Julai 2025 – Kipili

Tumefika. Naandika kwa kushoto. Sitaandika kwa kulia tena, haina maana.

Namanyere mpaka Kipili si lami. Vumbi, mawe, halafu mteremko wa kushuka ziwani, kona juu ya kona. Kule juu nilikuwa sawa. Kwenye ile kona kali, ambayo ziwa linatokea ghafla upande mmoja, lori la dagaa likawa linapanda. Nikarudisha gia. Kushoto kwenye gia. Kulia kwenye usukani.

Kulia hakukuwepo.

Sijui nisemeje. Niliuona mkono wangu umekaa juu ya usukani na usukani unazunguka ndani yake. Gari likaenda linakotaka. Bahati lilitaka ukutani, si bondeni. Tumekwaruza udongo, kioo cha pembeni kimekunjika. Dereva wa lori katukana kwa lugha tatu. Dokta alikuwa ameshika kile kishikio cha juu. Na muuguzi nyuma, na makasha ya dawa, na dada wa mapokezi ana mimba ya miezi mitano. Mimba! Nilijua ana mimba tangu tunaondoka Sumbawanga. Nilimpakia.

Nikasema samahani, breki imevuta upande. Dokta akasema pole, twende taratibu.

Sasa nimeisingizia na breki. Kwanza ile mashine nyembamba, sasa breki. Kitakuja kusingiziwa nini?


Alhamisi, 3 Julai 2025 – Kipili

Joto huku, tofauti na kwetu. Watu wamekuja kwa boti toka vijiji vya mwambao, wengine wameongozwa kwa kushikwa mkono.

Asubuhi sikuijaribu hata mashine. Nimefunga buni ndani ya kitambaa, nikazigonga kwa jiwe nyuma ya gari. Zingine zimekuwa unga, zingine zimebaki nzima. Kahawa ikatoka mbaya, sijapata kupika mbaya vile. Dokta akanywa. Akatema kipande cha buni kiganjani, akakitazama, akakiweka pembeni ya sahani. Akamaliza kikombe chote.

Nimekwenda kukaa kando ya maji. Nimeufinya mkono, nimeusugua, nimeuchapa. Nimeuambia maneno. Kama kuna mtu aliniona alidhani nasali. Na nilisali pia, kwa kweli, nilisali kama mtoto, nikaahidi vitu vya ajabu. Hakuna kilichobadilika isipokuwa ukawa mwekundu.

Kesho tunapanda kurudi Namanyere na wagonjwa watatu wa kupasuliwa, bibi wawili na mvuvi mmoja mzee. Na dada wa mapokezi. Kona ile ile. Nikiendesha kwa gia ndogo tangu chini, bila kubadili hata mara moja? Nimepiga hesabu hiyo siku nzima. Lori likija? Mbuzi akikatiza?

Kusema ni maneno mawili tu. Mkono umekufa. Nimeyasema kwa sauti pale kwenye maji, yanatamkika.


Ijumaa, 4 Julai 2025 – Kipili, ndani ya gari

Watu wamekwisha kupanda. Nasikia bibi mmoja nyuma anauliza mkanda unafungwaje.

Niandike haraka. Nilipoamka, jiko limeshawashwa. Dokta Avelina kakaa kwenye kasha la dawa, mashine yangu mapajani mwake, na bomba la Tadei juu yake. Alikuwa amelichomoa bomba, analirudisha, analichomoa. Akaniuliza hili la nini. Nikasema buni za Mbozi ngumu, Dokta. Akasema mama yangu ana miaka sabini na mitatu, anazisaga huku ameshika simu.

Akaliweka bomba chini. Akajaza buni, akasaga mwenyewe, bila bomba. Nikasimama pale kama mgeni. Akapika, vibaya kidogo, maji yalichemka mno. Akanimiminia kwanza mimi. Akanipa kikombe upande wa kulia. Nikakipokea kwa kushoto.

Akasema, tangu lini?

Nikasema Februari.

Basi. Hakugomba. Ningependa agombe! Akaulizia kama vidole vinakufa ganzi, kama na mguu, kama shingo inauma, sauti ile ile anayowauliza wazee. Akasema yeye ni wa macho, huu hajui, utatazamwa na wanaoujua, Mbeya, labda mbali zaidi. Nikamuuliza mkono utarudi? Amewaambia watu mia kwamba wataona, mimi akanijazia kikombe tena.

Halafu nikafanya ujinga. Nikasema acha kwanza niwafikishe hawa, Dokta, nikitoka Namanyere ndiyo tuseme. Nikageuka nikaja kukaa hapa. Nikafunga mlango. Nikatoa logi buku. Miaka kumi na tisa mguu wangu unajua njia ya mlango huu tu.

Sasa yuko hapa, nje, dirishani. Anajua kuendesha, alishaniambia, gari la baba yake la kahawa, milima ya Mbozi. Amenyoosha mkono ndani ya dirisha, kiganja juu. Anadhani najaza safari, au hadhani tena.

Ufunguo uko mfuko wa koti, kulia, niliutia huko kwa mazoea. Nimeingiza vidole. Vinaugusa, vinasikia ubaridi wake, haviukamati. Vinausukuma chini zaidi.

Kushoto kunaweza. Lakini mtu kama Dokta hapewi kitu kwa kushoto, tangu mdogo nilichapwa kwa hilo. Na kushoto ndiko kumeshika kalamu.

Mvuvi anauliza nyuma, dereva, tunaondoka?

Kiganja bado kipo. Nikimaliza mstari huu nitaiweka kalamu chini. Safu ya mwisho hapa ukurasani imeandikwa Jina la Dereva, sijawahi kuiacha wazi, ngoja kwanza nijaze: Dokta Avelina. Sasa kalamu chini, ufunguo nautoa kwa kushoto.